Safari ya Ukara na Maneno ya Mzee

Mara nyingi tumesoma habari za safari za wenzetu, huyu akieleza milima, huyu masoko, huyu makanisa mapya. Leo mimi nami nataka kueleza safari yangu ndogo, kutoka Mwanza mpaka kisiwa cha Ukara. Si safari ya mbali. Lakini nilikwenda kumfundisha mtu neno moja, nikarudi nimefundishwa mimi. Na neno lenyewe lamhusu kila mwenye pumzi.

Sababu ya safari ni hii. Baba mkwe wangu ni mzee wa Ukara, na umri wake umepita miaka 80. Shemeji zangu wawili, wakaao Mwanza kwa biashara ya dagaa, walinijia jioni moja wakasema: "Shemeji, wewe ni mwalimu wa dini, nawe umezoea kusema na watu wenye huzuni. Baba ameanza mambo ya uchuro. Amechagua mahali pa kaburi lake na kupatia alama ya mawe. Sasa atuita tukae mbele yake agawe mashamba. Anajiitia mauti. Nenda ukamtulize, maana wewe hatakukatalia."

Nilisita, kwa kuwa mkwe ni mtu wa kuheshimiwa, na kumwonya si jambo jepesi. Lakini mke wangu alilia, akinisihi niende. Basi nikafunga mzigo.

Nyumba yangu iko upande wa Igoma, nje kidogo ya mji, katika barabara iendayo Musoma. Hapo Igoma ndipo walipozikwa wengi wa wale waliokufa katika meli ya Mv Bukoba, iliyozama karibu na Mwanza siku ya Jumanne, tarehe 21 Mei 1996. Meli ile ilikuwa imetoka Bukoba. Ilifanywa ichukue wasafiri 430, lakini siku ile walizidi sana, na watu zaidi ya 800 wakapotea. Yasemwa kwamba waokoaji walipoitoboa meli iliyopinduka ili wawatoe waliokuwa hai ndani yake, hewa iliyokuwa ikiishikilia ikatoka, nayo ikazama. Kila mwaka tarehe ile watu hukusanyika makaburini na kuomba. Nami nimesimama pale mara nyingi kwa kazi yangu. Hata hivyo, nikisema kweli, nilikuwa nikisimama kama mtu atazamaye mvua iliyonyesha katika nchi ya jirani. Nilihurumia, lakini nguo zangu hazikulowa.

Alfajiri nikateremka mjini. Mwenye kuijua Mwanza ajua jinsi mawe yake yalivyopandana, jiwe juu ya jiwe, hata mgeni hudhani yataanguka leo. Na katikati ya mawe hayo watu wamejenga nyumba, wanapika, wanaanika nguo, wanalea watoto, wala hapana atazamaye juu kwa hofu. Njiani nikampita fundi seremala. Upande mmoja wa kibanda chake yalisimama majeneza, makubwa na madogo. Upande wa pili vitanda na makabati ya maharusi. Nikamwamkia, nikamwuliza ni kipi kinunuliwacho zaidi. Akacheka, akasema, "Vitanda watu huja kuvitazama mara tatu, wakirudi na kupatana bei. Majeneza hununuliwa siku moja tu, wala mnunuzi hatazami sana. Na katika miaka yangu yote, mwalimu, hajaja mtu kununua lake mwenyewe."

Neno lile nikalichukua nikaingia nalo melini.

Kutoka Mwanza mpaka Nansio, mji mkuu wa Ukerewe, meli huchukua muda wa saa tatu au zaidi. Nikakaa karibu na mvuvi mmoja, mtu wa makamo, arudiye mwaloni kwake. Kazi yake ni dagaa. Ndugu wa bara wasiojua, wajue kwamba dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Taa huelea juu ya maji, dagaa huifuata nuru, na wavuvi huwazungusha nyavu. Mwezi ukiwa mpevu, kazi husimama. Usiku wa giza ukitazama kutoka pwani, ziwa lang'aa kama mji. Na kila taa ni watu katika chombo cha mbao.

Nikamwuliza, "Ndugu, huogopi kufa majini?"

Akajibu upesi, "Mwalimu, nikiogopa, watoto watakula nini?" Kisha akaanza kunitajia wenzake waliokufa. Huyu alikuwa amekunywa pombe. Yule hakujua kuogelea. Wa tatu alitoka na upepo aliokatazwa na wakubwa wake. Wa nne chombo chake kilikuwa kibovu. Nikaona kwamba kwa kila maiti alikuwa na sababu, na kila sababu ilikuwa kama ukuta aliojijengea, wafu upande ule, yeye upande huu. Nikamwuliza kama huvaa boya. Akasema, "Ninalo, zuri sana. Liko nyumbani, mtoto mdogo hulikalia."

Tulicheka wote wawili. Lakini tulipotoka mahali penye kinga, upepo ukavuma na meli ikaanza kulala upande huu na upande huu. Mama mmoja akamfunga mtoto wake mgongoni kwa kanga mbili. Mazungumzo yakakoma. Na mimi, ninayewafundisha watu habari ya wanafunzi waliomwamsha Bwana chomboni, nilishika ubao wa kiti kwa mikono miwili. Mtaniuliza nilifikiri nini. Ningependa kuwaambia kwamba niliomba. Niliomba baadaye. Kwanza nilifikiri sanduku langu la bati lililo chini ya kitanda, ambamo mna hati ya shamba langu, na karatasi ya fedha nilizomkopesha mtu, na nyingine ya deni nilodaiwa mimi. Na kwamba ufunguo nimeuficha juu ya boriti, na hapana mtu duniani ajuaye, hata mke wangu. Nikasema moyoni, "Nikifa leo, watalivunja sanduku mbele ya watu, na kila mtu atasoma."

Upepo ukatulia, kama kawaida yake. Watu wakaanza kusema tena, mvuvi akanunua karanga, nami nikaachilia kiti. Hata tulipofika Nansio nilikuwa nimekwisha kulisahau sanduku. Hilo ndilo lililonishangaza baadaye zaidi ya hofu yenyewe: jinsi moyo ulivyo hodari wa kusahau.

Ukerewe ni nchi ya makaburi ya kale na habari nyingi. Wamisionari wa kwanza wa Kiingereza waliofika ziwani, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa huko Desemba 1877. Ng'ambo ya kusini, Usambiro, Askofu Parker alikufa mwaka 1888, na Alexander Mackay, yule fundi wa mikono wa Uganda, akafa kwa homa Februari 1890, naye alikuwa na miaka 40 tu. Nilipohesabu nikaona nimekwisha kumpita umri, wala kazi zangu hazifiki robo ya zake.

Kwa kuwa nilikuwa na nafasi, nikapitia Kagunguli, alikokaa Mzee Aniceti Kitereza. Wengi wenu mwalijua jina lake. Alizaliwa 1896, akasomeshwa na mapadre, akatumika katika misheni. Mungu hakumwachia mtoto. Watoto wote aliowazaa walimtangulia. Mtu wa kwetu asiye na mtoto huhesabiwa kuwa amekufa mara mbili, maana ni nani atakayeitwa kwa jina lake? Kwetu Usukumani mjukuu hupewa jina la babu aliyekufa, ili jina lisipotee nyumbani. Kitereza hakuwa na mjukuu. Basi akaketi akaandika kwa Kikerewe kitabu kikubwa cha habari za mume na mke waliotamani mtoto, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akakimaliza 1945. Miaka ikapita, hakikuchapwa. Akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Kikatoka Dar es Salaam mwaka 1980, na mwaka 1981 mwenyewe akafariki. Miaka 35 alingoja, naye alijua kwamba siku zake zinakwenda. Hakuacha kazi kwa sababu ya mauti. Naona kwamba kwa sababu ya mauti alishikamana na kazi.

Kutoka hapo nikaenda Bugolora, penye kivuko cha Ukara. Siku ya Alhamisi, tarehe 20 Septemba 2018, ilikuwa siku ya gulio hapo Bugolora. Watu wa Ukara walikuwa wamekwisha kununua na kuuza, wakapanda Mv Nyerere warudi kwao. Kivuko kile kilipasiwa kuchukua watu 101. Siku ile walikuwa zaidi ya mara mbili, pamoja na mizigo. Kilipokaribia gati ya Bwisya, watu wa pwani wakiwaona jamaa zao kwa macho, kikapinduka. Wakafa watu 228. Waliookoka ni 41. Mmoja wao, fundi wa mitambo, alitolewa hai baada ya siku mbili, kwa kuwa alipata mahali penye hewa ndani ya chombo kilichopinduka. Jumapili ya tarehe 23 wengi walizikwa pamoja hapo Bwisya, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwapo mazikoni.

Katika wale 228 alikuwamo mwana mkubwa wa baba mkwe wangu.

Nilishuka Bwisya kimya, nikayatazama makaburi yale, kisha nikapanda njia ya kwenda kwa mzee. Ukara ni kisiwa kidogo chenye watu wengi. Kwa hiyo watu wake ni wakulima hodari kuliko wengi niliowaona: hukusanya samadi ya ng'ombe kwa uangalifu kama fedha, hujenga matuta ya mawe kuzuia udongo, na hata mti mmoja una mwenyewe. Shamba la babu likigawanywa kwa wana, na la wana kwa wajukuu, huwa vipande vidogo kama mikeka. Mtu akifa huko bila kusema neno, ugomvi waweza kuanza kabla ya matanga kuisha.

Nilimkuta mzee ameketi chini ya mwembe, akisuka kamba. Nikamwamkia kwa heshima. Baada ya chakula nikaanza maneno niliyoyatengeneza njiani: "Baba, wana wako wanahuzunika. Wasema unajiitia mauti. Bado una nguvu. Acha habari za kaburi, tufurahi kwa siku ulizopewa."

Akasuka kamba yake kidogo, kisha akanena. Nitaandika kama nilivyoweza kukumbuka.

"Mkwe wangu, wewe umekuja kwa chombo gani?"

"Kwa meli na kivuko, baba."

"Ulipopanda, ulimwambia mkeo maneno gani?"

"Nilimwambia nitarudi Jumamosi."

"Mwanangu naye alimwambia mkewe kwamba atarudi jioni, na aweke maji ya kuoga. Maji yaliwekwa. Baada ya mazishi wakaja watu watatu, kila mmoja akasema marehemu alikuwa na fedha zake. Hatukujua yupi mkweli. Tuliuza ng'ombe wawili kulipa madeni ambayo labda hayakuwapo. Mjane alikaa miezi sita hajui kama kipande cha mihogo ni chake au cha shemeji zake. Kisha likaja jambo baya zaidi."

Akanyamaza. Nikangoja.

"Hao wanao waliokutuma walikwenda kwa mganga, kuuliza ni nani aliyemwua ndugu yao. Mganga akasema ni mwanamke mzee wa ukoo. Wakamtazama dada yangu, mwenye macho mekundu. Nikawaita wote, nikawauliza neno moja tu: Je, shangazi yenu aliwaroga watu 228 ili ampate mmoja? Na wale 227, ni nani aliyewaroga? Wakainamisha vichwa. Dada yangu yu hai mpaka leo. Lakini usiku ule nililala mlangoni kwake na fimbo yangu."

Ndugu wasomaji, sisi wa pande hizi hatuna budi kulisema jambo hili bila kuficha. Tangu miaka ya 1970 vikongwe wengi wameuawa katika Usukuma kwa kushukiwa uchawi, na alama waliyotafutiwa ni macho mekundu. Nayo macho hayo huletwa na moshi wa miaka mingi jikoni, wakiwapikia hao hao wanaowashuku. Na baadaye, tangu 2007 hivi, ndugu zetu wenye ulemavu wa ngozi waliwindwa kwa ajili ya viungo vyao, kwa tamaa ya mali. Huwa twadhani kwamba mwenye kuogopa kufa ni mtu mpole asiyedhuru mtu. Sivyo. Moyo usiokubali kwamba mauti ni njia ya kila mtu hutafuta mtu wa kushtakiwa, na humpata aliye dhaifu.

Nikamwuliza mzee, "Baba, wewe huogopi?"

Akasema, "Naogopa. Usiku nikisikia moyo wangu ukipiga vibaya, naogopa kama mtoto. Nani alikuambia kwamba anayeweka mawe ya kaburi haogopi? Sali na mimi habari hiyo, maana hiyo ndiyo kazi yako. Lakini habari ya mashamba usiniombee, nisaidie. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Wana wangu wakiziba masikio, mimi sitakawia kwa ajili yao. Ila wao watagombana juu ya mgongo wangu."

Tulisali. Kisha mimi niliyetumwa kumzuia nikaenda mwenyewe kumwita mwalimu wa shule aje aandike. Mzee hajui kusoma. Na kwa kanuni za mila zilizoandikwa mwaka 1963, wosia wa mtu asiyejua kusoma wahitaji mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Mimi sikufaa kuwa shahidi, kwa kuwa mke wangu ni mmoja wa warithi. Nikakaa kando, nikasikia. Kipande cha mihogo akampa mjane wa mwanawe. Binti yake wa mwisho, anayempikia na kumfulia, akapata kipande chake na miembe miwili. Shangazi mwenye macho mekundu akawekewa nyumba yake mpaka siku ya kufa kwake. Wana wawili wa Mwanza walipata fungu lao kwa haki. Mzee akatia dole gumba. Mikono yake ilitetemeka. Lakini alipokwisha aliagiza uji, akanywa bakuli mbili.

Niliporudi Mwanza niliwaita shemeji zangu, nikawaeleza yote. Mmoja alisikia, na mwezi uliofuata akaenda Ukara akakaa na babaye siku nne. Wa pili mpaka leo hataki. Husema, "Msinitajie." Simlaumu sana, nilikuwa mtu wa namna yake, ila mimi nilijificha nyuma ya mahubiri.

Usiku wa kurudi nikamwambia mke wangu, "Kuna ufunguo juu ya boriti." Akashtuka, akanishika paji la uso, akauliza, "Unaumwa?" Nikamwambia siumwi. Tukalivuta sanduku, tukasoma karatasi moja moja kwa taa. Akakuta deni ambalo sikumwambia, akanikasirikia, na ilikuwa haki yake. Lakini nafuu akasirike mbele yangu kuliko kulia mbele ya wanaodai. Kisha nikaandika wosia wangu. Nimeambiwa pia kwamba wakala wa serikali uitwao RITA huandika na kutunza wosia za watu. Mwenye kutaka na aulize wilayani kwake.

Ndugu zangu, na hasa walimu wenzangu, sisi ndio twaitwa penye misiba. Twajua kusema vizuri juu ya mauti ya watu wengine. Nawaomba kila mmoja ajiulize kama nilivyoulizwa chini ya mwembe: umemwambia mkeo, umemwambia mumeo, maneno gani ulipotoka leo? Mtu akiandika wosia, mauti haisogei karibu wala mbali kwa sababu hiyo. Bwana Yesu alitusimulia habari ya tajiri aliyepanga ghala mpya na usiku ule ule akatakwa roho. Nami naona kosa la tajiri yule halikuwa ghala, bali ni kwamba katika hesabu zake zote usiku ule haukuwamo.

Mzee angali hai. Juzi aliniletea salamu na debe la viazi, pamoja na neno kwamba ng'ombe amelalia mawe ya kaburi lake na kuyatawanya, naye atayapanga tena mvua zikiisha.

Kwaherini. Tuombeane.